Majedwali mawili kwenye skrini moja: yanapovurugika ndani ya Vim

Kikoba chetu kina daftari la karatasi na kina faili za matini tupu. Daftari hukaa kwa mweka hazina, faili ninazo mimi katibu. Kila mwisho wa mwaka nafungua michango ya 2023 kushoto na ya 2024 kulia, kisha napita mwanachama mmoja mmoja. Nimeshaambiwa mara nyingi nihamie Excel. Sijahama, kwa sababu kompyuta yangu ni kuukuu, faili ya matini hufunguka kufumba na kufumbua ndani ya Vim, programu ninayoandikia matini kwa amri za kibodi, na hata nikiipeleka kwenye simu ndani ya Termux, programu ya terminali ya Android, bado inasomeka vilevile.

Jedwali lenyewe ni hili, mistari michache tu ya mfano:

    Na   Jina              Jan    Feb    Mac
    001  Mwanaidi Juma     20000  20000  20000
    002  Ng'wandu Masanja  20000  -      40000
    003  Zuhura Salum      10000  10000  10000

Nikisema mstari nina maana ya kwenda kulia, mtu mmoja na michango yake. Nikisema safu nina maana ya kushuka chini, mwezi mmoja kwa watu wote. Kufungua mawili ubavu kwa ubavu ni amri moja:

    vim -O michango2023.txt michango2024.txt

O iwe kubwa. Ukiandika o ndogo, moja litakaa juu na jingine chini. Ukiwa tayari ndani ya faili ya kwanza, andika :vsplit michango2024.txt. Kuhama dirisha ni Ctrl-W halafu w. Kwenye simu skrini ni nyembamba mno kwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo huko tumia juu na chini tu.

Kabla ya yote: tatizo liko kwenye faili au kwenye kioo?

Ama faili iko sawa na kinachokosea ni namna Vim inavyoionyesha, ama faili ina kitu ambacho jicho halikioni. Dalili za pande zote mbili hufanana sana, ila dawa zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza haigusi faili hata herufi moja, ya pili inaibadilisha. Mgonjwa wa kwanza ukimpa dawa ya pili, jedwali lililokuwa zima unalivunja mwenyewe. Mimi niliwahi kukesha nikibonyeza nafasi mojamoja ili kunyoosha safu ambazo hazikuwa zimepinda. Asubuhi nilipofungua faili ileile kwenye kompyuta ya ofisini ndipo zilipopinda kweli.

Kipimo chenyewe ni hiki, na nakifanya kabla sijagusa chochote:

    :windo set list listchars=tab:>-,trail:.,nbsp:+

Neno windo linaipeleka amri kwenye madirisha yote mawili. Palipo na alama ya Tab utaona >---, nafasi zilizosahaulika mwisho wa mstari zitakuwa nukta, na nafasi isiyokatika, ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word au kwenye kurasa za wavuti, itaonekana kama +. Ukimaliza kutazama, :windo set nolist. Faili haijaguswa.

"Nikiteremka upande mmoja, wa pili umesimama"

Hili si tatizo, ndivyo Vim ilivyo hadi uiambie vingine. Nenda mwanzo wa faili kwa gg kwenye kila dirisha, halafu:

    :windo set scrollbind

Hatua ya gg usiiruke. Vim hufunga madirisha pamoja na pengo itakalolikuta wakati huo. Kama kushoto ulikuwa mstari wa 1 na kulia mstari wa 30, zitatembea pamoja zikiwa zimepishana mistari 29 hadi mwisho. Ikishatokea, vua kwa :windo set noscrollbind, rudi gg pande zote mbili, ufunge tena.

Kwenda kulia na kushoto hakumo kwenye mpango huo. Jedwali likiwa na miezi 12, Desemba haionekani kwenye nusu skrini, ukisogea kuitafuta upande mmoja wa pili hukutazama tu. Ongeza :set scrollopt+=hor. Na ukitaka kishale nacho kifuatane pande zote mbili, :windo set cursorbind, pamoja na :windo set cursorline ili mstari wa mtu unayemsoma upigwe rangi pote. Kwa anayesoma takwimu usiku, hilo la cursorline peke yake linapunguza makosa kuliko mengine yote niliyoyataja hapa.

"Yanateremka pamoja lakini watu hawakutani"

Cha kutazama kwanza ni mikunjo. Mstari mrefu usiotosha dirishani, Vim huukunja na kuuendeleza chini yake. Faili inauhesabu mmoja, jicho linaona miwili. Kushoto majina ni mafupi, hayakunjiki. Kulia mawili matatu yamekunjika. Kufika katikati ya ukurasa Zuhura wa kushoto anatazamana na mtu mwingine kabisa. Kioo hicho, faili haina kosa:

    :windo set nowrap

Kama mikunjo haipo na bado hawakutani, basi hesabu ya mistari yenyewe inatofautiana. Mwaka 2024 mwanachama mmoja aliondoka, mwingine akaingia, na wewe ukamwandika alipoangukia. Scrollbind haimjui mtu. Inajua namba ya mstari tu, na itakuonyesha mstari wa 17 na mstari wa 17 hata kama ni watu wawili wasiofahamiana.

Hapa kuna njia tatu, na mimi nina upendeleo wangu. Unaweza kupanga faili zote mbili kwa namba ya uanachama, ukiacha kichwa cha jedwali mahali pake:

    :2,$sort n

Unaweza kuwasha ulinganishaji, ambao hujaza mistari ya bandia palipopungua mtu (nitaufikia chini, una vituko vyake). Au unaweza kufanya ninavyofanya mimi, yaani namba ya uanachama haifutwi kamwe. Aliyeondoka mstari wake unabaki, michango yake ikawa vistari hadi Desemba. Faili inarefuka kidogo, lakini 017 ya mwaka wowote ni mtu yuleyule, na madirisha hayahitaji kuelezwa kitu.

"Safu zimepinda upande mmoja, na faili ilitoka kwangu imenyooka"

Tab. Mara tisa kati ya kumi ni Tab, na kipimo cha list kitakuthibitishia.

Wengi hudhani Tab ni nafasi nane zilizofungwa kwenye kitufe kimoja. Sivyo. Ni agizo la kwenda hadi kituo kinachofuata, na vituo, usipobadilisha kitu, vimepandwa kila baada ya nafasi 8. Andika Salum, herufi 5, ubonyeze Tab, na kinachofuata kitaanzia nafasi ya 9. Andika Mwanaidi, herufi 8 kamili, ubonyeze Tab, na kitaanzia nafasi ya 17, kwa sababu kituo cha kwanza ameshakijaza mwenyewe. Mwandishi akiona Salum amebaki nyuma, anamwongezea Tab ya pili. Jedwali linanyooka. Kisha faili inakwenda kwa mtu ambaye vituo vyake vimepandwa kila nafasi 4, na Salum mwenye Tab mbili anaishia 13 wakati Mwanaidi mwenye moja bado anaanzia 13. Kwa bahati hawa wawili wamekutana. Mtie Ali kati yao uone.

Sasa, tabstop ni mali ya kila faili, si ya Vim nzima. Ndiyo maana kushoto kunaweza kunyooka na kulia kukapinda ndani ya skrini moja. Uliza kila dirisha:

    :verbose set tabstop?

Jibu linakupa idadi, na likijua, linakutajia pia aliyeiweka: mipangilio yako, au mstari wa maagizo uliofichwa mwishoni mwa faili kama vim: ts=4. Namba zikitofautiana, :windo set tabstop=8 na uone. Ikinyooka, ilikuwa kioo, na unaweza kuishia hapo.

Faili ambayo Tab ndiyo kitenganishi chake, kwa mfano iliyotolewa na programu nyingine na itarudi kwenye programu hiyo, haitakiwi kuguswa kabisa. Hiyo inyooshe kwa kupanda vituo visivyolingana, kimoja kwa kila safu:

    :setlocal vartabstop=5,20,8

Yaani safu ya kwanza upana 5, ya pili 20, na zote zinazofuata 8. Jedwali linanyooka mbele yako na faili haijabadilika hata baiti moja. Vim za zamani hazina hili. Andika :echo has('vartabs') na ukipata 1 unayo.

Kama faili ni yako na unataka kumaliza ugomvi, geuza Tab zote ziwe nafasi:

    :set expandtab
    :retab

Angalia utaratibu. Retab hugandisha kile kinachoonekana wakati huo. Ukiiendesha jedwali likiwa limepinda, umeligandisha limepinda, na sasa kosa limehama kutoka kwenye kioo limeingia ndani ya faili. Kwanza nyoosha kwa tabstop, ukiridhika ndipo retab.

"Mistari michache tu imesogea kushoto kidogo"

Hii ilinisumbua muda mrefu kuliko zote. Tab hakuna, mikunjo hakuna, list haionyeshi kitu, na bado watu wanne kati ya arobaini michango yao imekaa nafasi mbili kushoto. Nilipowapanga pamoja ndipo nikacheka. Ng’wandu, Ng’wanza, Nyang’oro, Mang’ula. Wote wana ng’.

Majina yao yalikuwa yametumwa kwa simu, na simu nyingi huandika alama hiyo ikiwa imepinda, ’, badala ya ile iliyosimama, '. Kwa jicho ni kitu kimoja. Ndani ya faili ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, iliyosimama ni baiti 1 na iliyopinda ni baiti 3. Orodha yangu nilikuwa nimeichapa kwa hati ndogo ya bash, lugha ya amri za terminali, yenye printf '%-18s', na printf ya bash hupima upana kwa baiti. Kwake Ng’wandu tayari ana baiti mbili za ziada, kwa hiyo anapewa nafasi mbili pungufu. Vim, inayohesabu kinachoonekana, inakuonyesha pengo. Hapa Vim ndiyo mkweli.

Weka kishale juu ya alama, ubonyeze ga. Chini kutaandikwa Hex 27 kama imesimama, Hex 2019 kama imepinda. Kuzisimamisha zote:

    :%s/\%u2019/'/g

Hata kama hutumii hati yoyote ya kuchapa, fanya hivi. Alama mbili tofauti kwenye faili mbili zina madhara mengine, maana ukitafuta /Ng' utampata Ng'wandu wa 2023 na umkose wa 2024, uapie kwamba hakuchangia.

Majina yenye herufi za Kifaransa, ambayo ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanayo mengi, yana ugonjwa huohuo kwa kiwango kidogo. Kila é ni baiti 2, hivyo Désiré anasogea nafasi mbili. Hapo huwezi kufuta é, ni jina la mtu. Badilisha chombo. Amri ya column ya Linux hupima upana kama unavyoonekana, na gawk, programu ya kuchakata matini ya jamii ya awk, nayo huhesabu herufi endapo kompyuta yako imepangwa kwa UTF-8. Ila jihadhari, kwenye Debian na Ubuntu ukiita awk bila kuongeza kitu, mara nyingi anayeitika ni mawk, naye anahesabu baiti.

Nafasi isiyokatika, ile yenye alama ya +, inaondoka kwa :%s/\%u00a0/ /g. Haivurugi safu mara nyingi, lakini inafanya majina mawili yanayofanana yakataliwe kuwa sawa.

"Nimenyoosha kwa column, sasa Machi ya mtu imeingia Februari"

Simama. Usihifadhi. Bonyeza u.

Hapa makosa ni ya fedha, si ya sura, kwa hiyo nitakwenda polepole. Amri inayopendwa ni :%!column -t. Inachukua jedwali zima, inalipitisha kwenye programu ya column, na kulirudisha limenyooka. Ni nzuri mno kwa jedwali lisilo na majina ya watu. Isipoelekezwa, column huchukulia kila nafasi kuwa mpaka wa safu. Mwanaidi Juma anakuwa safu mbili, Zuhura binti Salum tatu, kichwa cha jedwali kina Jina, neno moja. Kutoka hapo chini ya Jan kuna majina ya baba na chini ya Feb kuna michango ya Januari.

Mbaya zaidi ni sehemu tupu. Mtu asipochanga Februari na ukaacha pengo, nafasi zilizopo hapo zinahesabiwa kuwa mpaka mmoja tu, na Machi yake inateleza kuziba pengo. Jedwali linatoka limenyooka vizuri sana, na mtu anaonekana amechanga mwezi ambao hakuchanga. Mstari uliopinda jicho huukamata. Uongo ulionyooka unapita hadi kwenye mgao.

Kwa hiyo faili mama ya kwangu, ile ya asili ambayo jedwali la mwanzoni ni sura yake iliyonyooshwa, ina nukta mkato kati ya safu, na hakuna sehemu inayoachwa tupu:

    002;Ng'wandu Masanja;20000;-;40000

Kuweka vistari kwenye faili ya zamani iliyojaa mapengo:

    :%s/;;/;-;/g
    :%s/;;/;-;/g
    :%s/;$/;-/

Ya kwanza imeandikwa mara mbili kwa makusudi. Palipo na mapengo mawili mfululizo, ;;;, mara ya kwanza inaziba moja na kulirukia la pili. Ya tatu inaziba pengo la mwisho wa mstari. Ndipo:

    :%!column -t -s ';' -R 3,4,5

-R inasogeza safu hizo za namba kulia ili mamia yakae chini ya mamia. Column ya Linux inaijua. Ya Mac haiijui, iache.

Kwa nini si mkato wa kawaida? Kwa sababu sisi huandika 20,000. Mara ya kwanza niliyotumia mkato kama kitenganishi, kila mwanachama alichanga shilingi 20 Januari na sifuri Februari.

Baada ya column, vile vitenganishi vimetoweka, na huwezi tena kuligawa jedwali kwa uhakika. Usinyooshe faili mama. Fungua dirisha tupu kwa :vnew, ingiza nakala kwa :read michango2024.txt, na nyoosha hiyo kwa kutazama. Marekebisho yafanyike kwenye mama.

Jedwali zima likitoweka na kubaki na sentensi moja inayosema column haipatikani, hujapoteza kitu. Vim imeingiza jibu la kompyuta mahali pa jedwali lako. Bonyeza u. Windows haiji na programu hiyo.

"Nahariri safu nzima lakini ni mstari wa kwanza tu unaobadilika"

Kuchagua safu ni Ctrl-V, kisha j hadi unakotaka. Bonyeza I kubwa, andika, na kweli, unapoandika unaona mstari wa juu peke yake ukibadilika. Iliyobaki hufuata ukibonyeza Esc. Wanaotoka kwa Ctrl-C, na wako wengi, ndio wanaoishia na mstari mmoja, maana Ctrl-C hukatisha kurudia.

Ctrl-V ikibandika maandishi badala ya kuchagua, uko Windows au kwenye terminali iliyoinyakua. Tumia Ctrl-Q.

Mistari mifupi ikirukwa ni tabia ya I, haigusi mstari usiofika kwenye safu hiyo. A kubwa hujaza nafasi na kuwafikia. Ukitaka kuchagua hata pale ambapo hakuna herufi, :set virtualedit=block.

Kwa namba mojamoja, usiingie kwa i. Kila tarakimu utakayoandika inasukuma miezi yote iliyobaki kwenda kulia. Ingia kwa R, uandike juu ya zilizopo, na kama kiasi kimepungua tarakimu malizia kwa nafasi. Penye Tab tumia gR, ambayo hulinda mahali pa kila kitu unavyokiona.

"Nikifuta huku, na kule kunafutika"

Ni faili moja. Uliandika :vsplit bila jina, kwa hiyo madirisha yote mawili ni vioo vya faili ileile. Kwa jedwali refu hili ni neema: kushoto watu 1 hadi 40, kulia 41 hadi 80. Kwa kulinganisha kabla na baada, tengeneza nakala kwa :w nakala.txt kisha :vsplit nakala.txt.

Binamu wa tatizo hili ni yule anayefungua faili moja kwenye terminali mbili. Anakutana na E325, ujumbe mrefu wa kutisha. Kwa hali hii unasema tu kwamba faili tayari iko wazi mahali pengine. Toka kwa q, urudi kwenye ile ya kwanza. Akilazimisha, atakayehifadhi mwisho ndiye atakayefuta kazi ya mwenzake.

Kwa kuwa tumefika kwenye ujumbe wa kushangaza: ukifungua Vim bila faili, kwa miaka mingi imekuwa ikikuandikia kuhusu kusaidia watoto maskini Uganda. Kijana mmoja aliniletea kompyuta akidhani imeingia virusi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuuza programu aliwaomba watumiaji wachangie kituo cha watoto cha huko. Andika :help uganda usome mwenyewe.

"Ulinganishaji umepaka rangi kila mstari"

:windo diffthis huonyesha kilichobadilika kati ya pande mbili. Ikiwa faili moja imenyooshwa kwa nafasi nyingi na nyingine kwa chache, kwake kila mstari umebadilika. Mwambie asijali idadi ya nafasi:

    :set diffopt+=iwhite
    :diffupdate

Kama rangi bado ni nyingi, rudi kwenye alama za ng’. Mistari iliyofanana kukunjwa na kuwa +-- ni kawaida, zR inaikunjua. Kuzima ni :diffoff! na alama ya mshangao usiisahau, la sivyo unazima upande mmoja.

Jihadhari na do, amri ya kuvuta marekebisho kutoka upande wa pili. Haivuti namba moja, inavuta kipande kizima, na watu watatu walioandamana wakiwa na tofauti wote wanavutwa kwa pigo moja.

Madogo madogo

^M mwisho wa baadhi ya mistari: faili imepita Windows na Linux, ikachanganya miisho ya mistari. :%s/\r$// na uhifadhi.

Skrini imeganda, haipokei kitu: umebonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya programu nyingine, na terminali imesimama ikikusubiri. Ctrl-Q.

Kichwa cha jedwali kinapotea ukiteremka: :split, halafu kwenye dirisha la juu gg, :resize 1 na :set noscrollbind. Ukisogea kulia hakitakufuata, kwa kuwa scrollopt ni moja kwa Vim nzima na huwezi kumfunga huyu kwa ulalo peke yake huku wengine wakiteremka pamoja. Mimi huandika miezi kwa vifupisho na kuvumilia.

Jedwali linavurugika ukilituma kwenye kundi la WhatsApp: herufi za WhatsApp hazina upana sawa. Weka alama ``` kabla na baada ya jedwali. Zaidi ya safu nne hata hivyo litakunjika kwenye simu za watu, tuma miezi michache michache.

"Upande mmoja ni maandishi ya Kiarabu"

Rafiki yangu anakusanya maneno ya tenzi za zamani, Kiswahili cha herufi za Kilatini upande huu na kilekile kwa herufi za Kiarabu upande ule. Aliyaweka kwenye jedwali moja, mstari mmoja. Vim haichanganyi pande mbili za kusoma ndani ya dirisha moja, kwa hiyo nusu ya kila mstari wake ilisomeka kinyumenyume.

Lakini mwelekeo ni mali ya dirisha. Akatenganisha kuwa faili mbili zenye idadi sawa ya mistari, na kwenye dirisha la kulia:

    :setlocal rightleft

Kuna amri nyingine, :setlocal arabic, inayobadilisha na baobonye (kibodi) pia. Asiyetaka kuandika Kiarabu, anayesoma tu, haihitaji. Baadhi ya terminali hugeuza Kiarabu zenyewe, na hapo maneno yanageuzwa mara mbili na kurudi kuwa kinyume. Ukiona hivyo, :setlocal norightleft kisha :set termbidi.

Baada ya hapo ni nowrap na scrollbind kama kawaida, na :windo set number. Namba za mistari zitakaa ukingo wa kushoto kwenye dirisha la Kilatini na ukingo wa kulia kwenye la Kiarabu, maneno yote mawili yakiwa kati yake.